Siku Niliyojifungua Kituntu

Ndugu zangu Bernado na Zakaria, mlioko machimboni Kyerwa,

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya watu, na aliyenitangaza ni mimi mwenyewe. Naandika haraka ili jambo hili mlisikie kwangu kabla halijafika huko limeshaota mkia na pembe.

Waliokuwepo nawataja mapema, ili akija mtu kuwaambia "nami nilikuwepo" mjue kama ni mwongo. Alikuwepo karani Ishengoma wa ghala la kahawa, yule mtu wa Muleba mwenye tai na peni mbili mfukoni (moja haina wino, ni pambo). Alikuwepo Ma Georgia, mchambua kahawa, ambaye akinong'ona Kituntu, Rugera wanaitika. Alikuwepo mzee Rugemalira, bawabu. Alikuwepo Bibi mwenye ghala, yule mjane wa Kizungu mwenye kofia ya ukindu. Na walikuwepo wafanyakazi wote, wanaume kwa wanawake, maana ilikuwa siku ya mshahara, na siku ya mshahara hata wagonjwa hupona. Mdogo wangu Paskazia hakuwepo. Angekuwepo, nisingekuwa na la kuandika.

Paskazia amejifungua. Mtoto wa kike, sauti kama kengele ya misheni. Mumewe yuko Uganda kwenye mashamba ya pamba, kwa hiyo mzazi amekuja kupumzika kwao, na kwao ndiyo hapa kwangu Chonyonyo. Mama angekuwa hai angemwangalia binti yake. Hayupo, na baba hayupo, mnajua tangu mwaka ule nilipoacha shule nanyi mkanirithi dawati. Basi kazi ya mama naifanya mimi. Napika ndizi laini za mzazi. Nachemsha maji ya kumkanda. Nafua vitambaa vya mtoto na kuvianika. Mtoto akilia, nambeba mgongoni nikiendelea kumenya ndizi. (Wanaume wa Chonyonyo wameacha kupita mbele ya nyumba yangu. Wanaogopa wake zao wasije wakaona kuwa inawezekana.)

Kesho wakwe wanakuja kutoka Rugera kumchukua mzazi na mtoto. Nyinyi mmekaa machimboni muda mrefu, lakini desturi hamjaisahau: mzazi hatoki nje mpaka siku hiyo, na akitoka, hutoka na nguo mpya aliyonunuliwa na watu wa kwao. Kuna shangazi wa mumewe, mama mmoja anayekutazama kama anapima kahawa mbichi. Paskazia akitoka na kanga ya zamani, shangazi huyo atasema neno moja tu: "Yatima." Tena atalisema kwa huruma. Nimeshawahi kuhurumiwa namna hiyo, na sitaki mdogo wangu aondoke nyumbani kwangu na huruma hiyo mgongoni.

Paskazia mwenyewe hakunidai kitu. Lakini juzi nilimwona ameitandaza kanga yake juu ya magoti, anaigeuza huku na huku, anatafuta upande usio na kiraka. Aliigeuza muda mrefu. Kisha akaikunja, akaniuliza kama ndizi zimeiva.

Fedha ilikuwepo, ila ilikuwa ghalani. Bibi ameweka sheria yake pale: mwanamke akijifungua, analipwa mshahara wa mwezi mzima akiwa nyumbani amelala. Watu walipoisikia walidhani Bibi amepigwa na jua. Ni kweli kabisa, wengine wameshalipwa. Leo ilikuwa zamu ya Paskazia, maana naye ni mfanyakazi wa pale, na kwa kuwa haruhusiwi kutoka ndani, mimi ndiye niende na kipande chake cha kazi nikachukue. Doti ya kanga nilikuwa nimeshaichagua, nyekundu yenye maua, na blanketi la mtoto. Mwenye duka jirani na ghala aliniwekea pembeni. Hakopeshi. Aliniambia nikichelewa mpaka afunge duka, vitu vinarudi rafuni, na kuna mchumba mmoja wa Rugera anavitolea macho.

Basi asubuhi nikavaa koti la marehemu baba, koti langu pekee la kwendea kwa watu. Nikiwa nimeshalivaa, mtoto akaanza kengele yake. Mama yake alikuwa anakandwa miguu na jirani. Nikajitupia mtoto mgongoni, nikamfunga kwa mbeleko, nikazunguka naye jikoni nikimwimbia mpaka akanyamaza. Akanyamaza vizuri sana. Alitulia kama mtu aliyetua mzigo. (Mtu mwenye akili angejiuliza ni mzigo gani.) Nikamfungua, nikamkabidhi kwa mama yake, nikatoka mbio.

Njiani niliheshimiwa ajabu. Wanawake wanaotoka kuteka maji walinisalimu shikamoo, nilipopita wakashikana mabega. Nikajua ni koti. Mzee mmoja aliyekuwa anapalilia mibuni akaniangalia nilivyompita, akaita:

"Kijana! Hongera!"

"Asante, mzee wangu!" nikajibu bila kusimama.

Nzi walinisindikiza kutoka Chonyonyo hadi Kituntu. Hata hilo nililiona la kawaida. Ni msimu wa ndizi mbivu.

Ghalani nikakuta foleni. Sasa niwaeleze jambo la kodi, maana huko kwenu machimboni sijui wanafanyaje. Hapa Bibi hapendi kuona wanaume wake wakikimbizwa migombani na askari wa chifu. Kwa hiyo karani anakata kodi kidogo kidogo kwenye mshahara wa kila mwanamume, anaipeleka kwa chifu, na mwisho mtu anapewa stakabadhi yake. Wanawake hawakatwi. Kodi ya kichwa ni ya kichwa cha mwanamume. Ili asichanganye, karani ametengeneza vipande vya bati vya namna mbili: cha mwanamume kina pembe nne, cha mwanamke ni cha mviringo. Unakuja na kipande, karani anakiangalia hicho bila kukuangalia wewe, unalipwa. Hata asiyejua kusoma haibiwi.

Zamu yangu ikafika. Nikampa karani kipande. Akahesabu fedha, akazigawa mafungu mawili. Moja akalisogeza kwangu. La pili akalirudisha kwenye sanduku.

"Na hilo?" nikauliza.

"Kodi."

"Kodi ya nani, karani?"

"Ya mwenye kipande."

"Mwenye kipande ni mwanamke! Yuko nyumbani ananyonyesha!"

Karani Ishengoma akakiinua kipande kwa vidole viwili, kama anashika panya. "Hizi ni pembe ngapi?"

Nikaziangalia. Zilikuwa nne. Nilikuwa sijawahi kukitazama, naapa. Paskazia amekifunga shingoni kwa uzi miezi yote hii, nami naona bati tu.

Hapo ndipo nilipokumbuka siku ya kumwandikisha. Nilimpeleka mwenyewe. Karani aliuliza, "Jina?" Kwetu mgeni akiuliza jina, anatajiwa mkubwa wa nyumba; msichana hawezi kusimama mbele ya kaka yake akajitaja. Paskazia akaangalia chini kwa adabu. Nami kwa adabu nikajibu: "Kamugisha." Karani hakuinua uso. Akatoa bati la pembe nne. Tukashukuru, tukaenda zetu, adabu imetawala. Tangu siku hiyo mdogo wangu amekatwa kodi kila mwezi kama mwanamume mwenye ndevu, na kwa kuwa hakuwa amewahi kufanya kazi popote, alidhani ndivyo mishahara ilivyo.

"Karani waitu, mkubwa wangu," nikasema kwa unyenyekevu, "limetokea kosa dogo. Mwenye kipande ni mdogo wangu wa kike. Nirudishie hilo fungu."

Karani akafikiri. Ningekuwa na akili ningechukua fungu langu nikakimbia wakati anafikiri. Sikukimbia. Akanyoosha mkono, akalivuta na lile la kwanza.

"Hee! Mbona na hilo?"

"Hii ni fedha ya uzazi," akasema. "Kipande ni cha mwanamume, jina Kamugisha. Mwanamume hapewi fedha ya uzazi. Nilikuwa karibu nikosee. Umefanya vyema kunikumbusha."

Nilikwenda kudai nusu, nikapoteza yote.

Nyuma yangu foleni ikaanza kuchemka. "Ta Kamugisha, sogea!" "Chumvi imekwisha nyumbani, wewe unajadili pembe!" Na wengine walikuwa wanacheka, cheko la chini chini, sikujua wanacheka nini.

"Basi kigeuze kiwe cha mwanamke," nikamwambia karani.

"Mwenye kipande aje aseme mwenyewe hapa mezani. Ndiyo sheria."

"Ni mzazi! Hatoki ndani mpaka wakwe waje kesho!"

"Basi aje wiki ijayo."

"Duka linafungwa leo!"

"Mimi silifungi," akasema karani, na kusema kweli halikuwa duka lake. Akapangusa miwani. "Tuelewane. Kipande hiki ni cha Kamugisha. Kamugisha ni nani?"

"Ni mimi."

"Kama Kamugisha ni mwanamume, anakatwa kodi na hapati ya uzazi. Kama Kamugisha amejifungua, hakatwi na anapata yote. Sasa nijibu, watu wanangoja. Kamugisha amejifungua?"

Ndugu zangu, ghala lote lilinyamaza. Hata zile kahawa zilizokuwa zikimiminwa kwenye nyungo zilinyamaza. Nikaangalia mlangoni, nikaliona duka kule ng'ambo, mwenye duka ameanza kuingiza ndani majembe yake. Nikaiona ile kanga ya zamani ikigeuzwa huku na huku juu ya magoti.

"Ndiyo," nikasema. "Nimejifungua."

Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaingia matopeni hadi kiunoni, nikaongeza: "Mtoto wa kike. Sote tu wazima."

Paa la mabati karibu liondoke. Watu waliangukiana. Mzee Rugemalira aliacha lango akaja kuniangalia tumbo. Ma Georgia akapiga vigelegele kwa nguvu, nina hakika huko Kyerwa mlivisikia mkadhani ni baruti za machimbo.

"Pole na uchungu, Ma Kamugisha!" akaita mmoja, ule u-Ta wa kiume nimeshavuliwa.

"Maziwa yametoka?" akauliza mwingine.

"Mkandeni! Mkandeni mgongo!"

Mlango wa ofisi ukafunguka. Akatoka Bibi na kofia yake. Hakuna aliyemwita, kelele zilimwita. Karani akasimama wima, akamweleza yote, pembe nne, jina, kodi na uzazi, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. Bibi akanisogelea. Ni mrefu, mnamkumbuka. Akanitazama kwa ukali kuanzia miguuni.

"Wewe mama?"

"Ndiyo, Bibi." (Ningerudi nyuma vipi?)

"Wewe zaa mtoto?"

"Ndiyo, Bibi."

"Onyesha."

Mzee Rugemalira akajifunika macho kwa kofia yake.

"Nionyeshe... nini, Bibi?"

Hapo ndipo Ma Georgia alipopaza sauti kutoka nyuma, Mungu ambariki na amsamehe:

"Bibi! Mgeuze! Ushahidi uko mgongoni!"

Bibi akazungusha kidole hewani. Nikageuka. Sikuwa najua nageuza nini. Nilisikia mtu anakoroma kwa kicheko kama nguruwe mwitu, halafu nikageuza shingo mwenyewe, nikavuta koti la marehemu baba upande mmoja, nikaona.

Kutoka begani hadi kiunoni. Rangi ya ndizi mbivu. Imeshakauka kwa jua, imepasuka pasuka kama ukuta wa udongo.

Yote yakanijia kwa pamoja. Wanawake waliotoka kuteka maji. Mzee wa mibuni na hongera zake. Nzi! Nilikuwa nimetembea kutoka Chonyonyo hadi Kituntu, kifua mbele, nimevaa choo cha mpwa wangu kama nishani ya vita. Na si wimbo wangu uliomnyamazisha mtoto.

Bibi alicheka mpaka kofia ikaanguka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la kahawa. Karani Ishengoma alijikaza, akajikaza, tai ikapanda shingoni, mwisho akainamisha uso mezani akawa anatikisika. Mimi nimesimama katikati, nimewapa mgongo kwa sababu mbele nisingeweza kuwaangalia, na nikiwapa mgongo ndiyo wanazidi.

Bibi akafuta machozi. Akaniuliza polepole:

"Nani osha mtoto?"

"Mimi."

"Nani pikia mama yake?"

"Mimi, Bibi."

"Mama yenu?"

"Hatuna. Nina wadogo watatu. Huyu ndiye wa kwanza kuzaa."

Kelele zilipungua kidogo hapo. Ma Georgia akajipangusa pua kwa ncha ya nguo. Bibi akainuka kwenye gunia, akaokota kofia, akamwambia karani maneno ambayo nitayakumbuka mpaka nizeeke:

"Karani, huyu jifungua. Lipa. Yote. Hapana kata."

Na karani akalipa! Mafungu yote mawili, mbele ya mashahidi niliowataja huko juu. Kisha kwa kuwa ni mtu wa taratibu, akatwaa lile bati la pembe nne, akanipa la mviringo. Jina halikubadilika mpaka Paskazia aje mwenyewe. Kwa hiyo kwa sasa, ndugu zangu, Kamugisha wa Chonyonyo ni mwanamke halali wa ghala la Kituntu.

Nikageuka niondoke. Karani akaniita.

"Ngoja. Iliyokatwa miezi ya nyuma siwezi kuirudisha. Imeshafika kwa chifu, kwa jina la Kamugisha." Akachomoa karatasi sandukuni. "Hii hapa stakabadhi. Kodi yako ya mwaka huu imekwisha."

"Kodi yangu?"

"Kamugisha ni nani?"

Juma lililopita tu, askari wa chifu walipopita Chonyonyo, nilijitosa kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe. Nililala humo juu ya ndizi, nimefunikwa majani, napumua kwa adabu, mpaka jua likaanza kushuka. Nilitoka nanuka rubisi kabla rubisi haijatengenezwa. Kumbe wakati huo nilikuwa mtu huru, kodi imelipwa, tena na msichana aliyekuwa chumbani anamnyonyesha mtoto!

Nilivuka njia kwenda dukani. Mwenye duka alikuwa ameshashika komeo. Habari ilikuwa imenitangulia, kwa sababu alinikunjia kanga na blanketi, akaniangalia, akasema, "Mzazi hasimamishwi mlangoni, karibu ndani." Nikalipa fedha taslimu. Chenji sikuihesabu, nilijisikia tajiri.

Mnadhani nililivua koti? Sikulivua. Nilirudi nalo hivyo hivyo, furushi jipya kichwani, njia ile ile. Yule mzee wa mibuni bado alikuwepo.

"Hongera!" akaita tena.

Safari hii nilisimama. "Asante, mzee wangu. Ni msichana!"

Nyumbani nilimsimulia Paskazia nikiwa nimesimama, kwa vitendo. Alicheka huku ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Kaka, acha, utaniua, mwili bado mbichi!" Kisha nikafungua furushi. Akaacha kucheka. Akajifunga ile kanga nyekundu, akazunguka mara moja taratibu chumbani, akapitisha viganja juu ya maua kana kwamba anayapanga. Hakikuwepo kiraka cha kukwepa.

"Kesho," akasema, "shangazi yao atatafuta neno mpaka achoke."

Mimi nikatoka nje kufua koti. Kuna mambo mtu huyafanyia nje.

Jioni tulikaa kula. Nilikuwa nimechinja kuku, kwa kuwa mzazi ni mzazi, na leo tulikuwa wazazi wawili. Nikamwonyesha stakabadhi, nikamweleza aliyoyasema karani. Alisikiliza mpaka mwisho, mtoto amelala mapajani mwake na uso wa asiyejua lolote.

"Kwa hiyo kodi yako nimeilipa mimi," akasema.

"Ndiyo."

"Mwaka mzima."

"Ndiyo, mdogo wangu. Nitakurudishia nikivuna kahawa."

"Hapana, kaka. Wewe ukivuna, mdogo wetu Laurenti anataka kaptula, huyu anataka dawa, mwisho husemi hata ilikokwenda. Nimejifunza njia bora ghalani."

Akanyoosha mkono kwenye sahani yangu, akachukua mnofu wa paja, ule wenyewe niliouacha wa mwisho, akautia mdomoni.

"Kodi," akasema, huku anatafuna. "Nitakuwa nakata kidogo kidogo."

Kwa hiyo anayetaka kucheka, acheke akija na zawadi ya mzazi mkononi, na iwe ya kuliwa. Deni bado bichi, na hata akiwa kwa wakwe zake Rugera, Paskazia ameapa kuja kulikata kila Jumapili.

Ndimi rafiki yenu,
Kamugisha